Mimba ya pacha wakati wa ugonjwa wa mlipuko: kipi kingoje na kipi kisingoje

Mimi ni muuguzi mkunga upande wa Likoni, Mombasa, na Covid ilipotangazwa Kenya Machi 13, 2020 nilikuwa kwenye kliniki ya wajawazito. Maelezo haya ni ya mama aliyeambiwa amebeba pacha, ya mumewe, na ya mama mkwe, ambaye katika nyumba nyingi za kwetu ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu nani aende hospitali na lini. Msiyaweke kando kwa kuwa corona imetulia. Oktoba 2022 wenzetu wa Uganda walifungiwa wilaya za Mubende na Kassanda kwa sababu ya Ebola, na wajawazito walikuwamo humo humo.

Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, hospitali hulazimika kupunguza msongamano. Tarehe za kliniki zinasogezwa, vyumba vinageuzwa wodi za kutenga wagonjwa, wauguzi wanahamishwa, na kila kinachoonekana kinaweza kungoja kinaambiwa kingoje. Mama mwenye afya njema na mtoto mmoja tumboni akikosa kliniki mara moja, kwa kawaida hadhuriki. Mama mwenye pacha wanaotumia kondo moja la nyuma akikaa wiki nne bila skani, muda huo unatosha kuwapoteza watoto wote wawili. Askari wa langoni aliyeshika kipima joto hana namna ya kutofautisha tumbo hili na lile. Ni wewe unayepaswa kujua, na uwe na karatasi inayosema hivyo.

Uliza kondo ni ngapi kabla ya wiki ya 14

Watu wakisikia pacha huuliza ni wa kiume au wa kike, na kama watafanana. Wewe muulize anayekupiga skani: "Kondo la nyuma ni moja au ni mawili? Na mifuko ya maji ni mingapi?" Jibu hilo ndilo linaloamua utaonwa kila baada ya muda gani, utajifungulia wapi, na wiki ya ngapi.

Jibu huonekana vizuri kati ya wiki ya 11 na ya 14. Kipindi hicho, pale utando unaowatenga watoto unapokutana na kondo, kukiwa na kijipembetatu kinene, makondo ni mawili. Utando ukiwa mwembamba na umesimama wima mfano wa herufi T, kondo ni moja. Mimba ikikua alama hiyo hufifia, na makondo mawili yaliyokaa karibu huweza kushikana yakaonekana moja.

Kwenye ripoti tafuta herufi nne. DCDA ni makondo mawili na mifuko miwili, na hawa ndio wenye hatari ndogo kuliko wenzao. MCDA ni kondo moja, kila mtoto na mfuko wake. MCMA ni kondo moja na mfuko mmoja, ambapo kamba za vitovu vya watoto huweza kusokotana. Ni wachache sana, na mama wa aina hii awe mikononi mwa daktari bingwa tangu siku inapojulikana. Ripoti ikisema "pacha" tu bila herufi hizo, irudishe kwa aliyeiandika kabla hujatoka chumbani. Ukishatoka, na hasa mji ukifungwa kesho yake, kuipata tena ni kazi.

Mwaka 2020 mama wengi waliogopa hospitali wakaanza kliniki mimba ikiwa ya miezi sita. Kwa wengine alama ilikuwa imeshafifia, hakuna wa kusema kwa uhakika. Hapo kanuni ni hii: kama watoto ni wa jinsia tofauti, makondo huwa ni mawili, kama ni wa jinsia moja na hakuna ushahidi, mtunze mama kana kwamba kondo ni moja mpaka ithibitishwe vingine. Usikubali neno la "labda ni mawili, rudi baada ya miezi miwili."

Tarehe zisizoguswa

Pacha wa kondo moja hupigwa skani kila wiki mbili, kuanzia wiki ya 16 mpaka kujifungua. Wa makondo mawili, kama hakuna tatizo, kila wiki nne. Hayo ni makubaliano ya madaktari wa uzazi dunia nzima na mlipuko hauyabadilishi, kwa sababu hatari yenyewe haitoki kwa virusi. Iko ndani ya kondo.

Mishipa ya damu ya watoto hawa huungana ndani ya kondo, kama nyumba mbili zilizo kwenye bomba moja la maji. Kwa kawaida kinachotoka huku hurudi, na mambo huenda sawa. Katika mimba 10 hadi 15 kati ya 100 za kondo moja, mtoto mmoja huwa anatoa damu kuliko anayopokea. Anayetoa hukaukiwa, mkojo wake hupungua, maji ya mfuko wake huisha. Anayepokea hufurika, moyo wake huchoka, mfuko wake hujaa maji kupita kiasi. Ripoti huiita TTTS. Daktari huitambua kina cha maji kikiwa chini ya sentimita 2 upande mmoja na zaidi ya sentimita 8 upande wa pili, na hali hiyo huweza kuanza na kukomaa kati ya skani moja na nyingine. Mama anaweza asihisi kitu.

Kwa hiyo ukilala kitandani pale, taka kusikia mambo manne: maji ya kila mfuko ni kiasi gani, kibofu cha kila mtoto kinaonekana, uzito wa mmoja umepishana na wa mwenzake kwa asilimia ngapi, na damu inapita vipi kwenye kitovu. Uzito ukipishana kwa asilimia 25 au zaidi, hilo ni la bingwa wiki hiyo hiyo. Kuna pia kipimo cha mwendo wa damu kwenye mshipa wa ubongo, kinachoonyesha kama mmoja amepungukiwa damu kimya kimya. Kama mashine na mtaalamu wapo, kiombe. Tepu ya kupima tumbo, ambayo sisi wakunga tunaitegemea siku zote, haina msaada hapa. Inakuambia tumbo limekua. Haikuambii nani amekua.

Sasa yale yanayoweza kungoja au kuhamia kwenye simu. Mazungumzo ya lishe, simu yatosha. Matokeo ya damu, simu yatosha. Kuongezewa vidonge vya madini ya chuma, mtu wa nyumbani anaweza kuvichukua kwa kijitabu chako. Presha unaweza kuipima mwenyewe. Ukifanya hivyo, zile safari mbili za mwezi unazibakiza kwa skani tu, na ukishafika omba kila kitu kifanywe siku hiyo hiyo. Sema: "Nimetoka mbali na barabara imefungwa, naomba skani, damu, mkojo na daktari vyote leo." Nilikuwa naambiwa hivyo na wamama, na nikiambiwa mapema asubuhi naweza kupanga. Ukisema saa saba mchana maabara imeshafunga.

Nilikuwa na kalamu nyekundu ya wino mzito mfukoni mwa sare. Kila mama wa kondo moja niliyempata, nilimwandikia juu ya jalada la kijitabu chake cha Mama na Mtoto: PACHA, KONDO MOJA, SKANI KILA WIKI 2, USISOGEZE. Chini yake tarehe ya skani inayofuata na namba ya simu ya kliniki, halafu muhuri. Ndani tulibandika barua fupi ya rufaa yenye umri wa mimba na zile herufi nne. Jalada lile lilisomwa na askari wa kizuizi, na karani wa mapokezi, na daktari mgeni aliyeletwa kuziba pengo la wenzake waliougua. Kwako kama hakuna aliyekuandikia, mwombe mkunga wako akuandikie. Barua ya rufaa isiyo na tarehe na sahihi haisaidii kitu kizuizini, kwa hiyo itazame kabla ya kuikunja.

Kati ya skani moja na nyingine

Nunua mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, ile ya kifundo cha mkono iache. Bei yake iende kwenye hesabu ya mimba kabla ya kununua nguo za watoto. Hatari ya kifafa cha mimba kwa mwenye pacha ni mara mbili hadi tatu ya mwenye mtoto mmoja. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usizungumze. Andika namba na tarehe. Ikifika 140 kwa 90, piga simu siku hiyo. Ikifika 160 kwa 110, usipige simu kwanza. Nenda, na simu utaipiga njiani. Kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona vimulimuli na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia ni dalili za kwenda hata kama namba haijafika huko. Muulize pia daktari kama unafaa kuanza aspirini ya dozi ndogo. Ikihitajika huanzwa wiki ya 12 hivi, na kuchelewa kunaipunguzia faida.

Tumbo likikua ghafla ndani ya siku chache, ngozi ikang'aa na kukaza, ukashindwa kulala chali au kuvuta pumzi, hiyo ni skani ya leo. Hata kama yako imepangwa Alhamisi ijayo.

Mama mmoja wa Ukunda alipata yote hayo akiwa na mimba ya wiki 21, kondo moja. Skani ya kwanza aliikosa kwa sababu chumba alichozoea kilifungwa, mpigaji skani amewekwa karantini. Ya pili aliikosa kwa hofu. Nyumbani wakamwambia tumbo la pacha lazima liwe kubwa. Yeye alipoanza kuhema alidhani ni corona, na wakati ule watu wote tulikuwa tumeona kwenye habari jinsi watu wanavyopelekwa karantini ya lazima. Alipofika kwetu aliniambia, "Dada, niliogopa wanifungie na tumbo hili." Nilimshika mkono nikamwambia, "Mwenzangu, hapa hafungiwi mtu, panda kitandani." Mfuko mmoja ulikuwa umejaa, mwingine hauna maji, mtoto amebanwa kwenye ukuta wa kizazi hawezi hata kukunjua mguu. Alihamishwa siku hiyo hiyo, madaktari wakamtoa maji kwa sindano, mimba ikasonga mbele wiki kadhaa. Mtoto mmoja alizaliwa hai.

Jambo ninalotaka familia zilishike katika habari yake ni kuhema. Kuhema kwa mwenye pacha kuna sababu nyingi: maji yaliyozidi, upungufu wa damu, presha, moyo, bonge la damu kwenye mapafu, au ugonjwa wa mlipuko wenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kujificha chumbani. Kama kuna kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni, mjamzito akiwa chini ya 95 apelekwe hospitali.

Watoto wakishaanza kucheza kwa mpangilio, jifunze wawili hao wanachezea wapi, huyu kulia chini, yule kushoto juu. Wote wawili wakitulia, au upande mmoja ukinyamaza kuliko kawaida yake, nenda.

Rufaa: ijue njia kabla hujaihitaji

Tiba bora ya TTTS kati ya wiki ya 16 na 26 ni leza. Daktari huingiza kamera nyembamba ndani ya mfuko wa maji na kuziba ile mishipa inayounganisha watoto. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa leza huokoa pacha wengi kuliko kutoa maji kwa sindano. Lakini vituo vya kufanya hivyo ni vichache, na viko mbali na watu wengi wanaosoma hapa. Mlipuko unavisogeza mbali zaidi. Aprili 2020 Nairobi ilifungwa tarehe 6, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa tarehe 8, treni ya abiria ya Madaraka ikasimama, na sisi wa Mombasa tulikaa hivyo mpaka Julai.

Kwa hiyo siku unapoambiwa kondo ni moja, hata mambo yakiwa shwari, muulize daktari: "Skani ikionyesha tatizo, utanipeleka wapi? Nani ataandika barua? Kule kuna namba ya kupiga?" Yaandike majibu. Familia ikae iulize ya kwake: nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto wengine, nauli inatoka wapi, bima inalipa nini. Kwa Kenya ya leo bima ni SHA, na usajili ufanywe mapema, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kama leza haifikiki, kutoa maji kwa sindano kunaweza kumpunguzia mama dhiki na kuipa mimba muda, na kumlaza mama mahali penye wodi ya watoto njiti ni tiba pia. Daktari anayekuambia ukweli huo anakuheshimu. Msikilize mpaka mwisho.

Likitokea lile tusilolitaka, mtoto mmoja akafariki tumboni, familia nyingi hukimbilia kusema atolewe haraka aokolewe aliyebaki. Subirini. Kwa makondo mawili, aliyebaki mara nyingi huendelea vizuri. Kwa kondo moja, damu ya aliyebaki huweza kumkimbilia aliyefariki saa ile ile, na kama madhara yapo huwa yameshatokea. Kumzalisha mama mimba ikiwa changa kunamwongezea aliyebaki hatari ya unjiti. Anayeamua ni bingwa, kwa skani za karibu karibu na picha ya ubongo wa mtoto baada ya wiki nne hadi sita. Na mama aachwe alie. Kipindi kile mazishi yalikuwa na kikomo cha watu 15 na wodini mtu haruhusiwi kuingia, nikaona wamama wakipewa habari hiyo wakiwa peke yao na barakoa usoni. Mkiwa nje, pigeni simu, mwombeni muuguzi aiweke sikioni mwake. Muuguzi mwenye moyo hatakataa.

Usiku na vizuizi

Kafyu ilianza Machi 27, 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyo hiyo ya kwanza, pale kwenye feri ya Likoni, watu waliokuwa wakiwahi kuvuka walipigwa virungu na mabomu ya machozi. Habari ilifika kila nyumba kabla ya usiku kuingia. Baada ya hapo, hata mama aliyeshikwa na uchungu alikuwa anangoja alfajiri, ingawa wagonjwa wa dharura waliruhusiwa kupita. Uchungu wa pacha haungoji. Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na wengi wao huamua kuja usiku.

Nairobi, daktari Jemimah Kariuki aliona wodi ya uzazi imepungua watu akauliza wameenda wapi, na kutokana na hilo ukaanza mpango wa Wheels for Life wa kuwasafirisha bure wajawazito saa za kafyu. Mahali pengi hapakuwa na kitu kama hicho, kwa hiyo jipangieni wenyewe. Zungumzeni na madereva wawili, wa teksi au tuktuk, mmoja asipopokea yuko wa pili. Waonyesheni jalada la kijitabu ili wajue wanachobeba. Pikipiki kwa tumbo hilo, hapana. Wekeni namba ya chifu na ya ambulansi ya kaunti kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani, hata ya mtoto mkubwa. Nauli ikae M-Pesa na isiguswe kwa unga wala kwa umeme.

Lililosaidia kuliko yote ni kuhama. Kuanzia wiki ya 32 hivi, au mapema zaidi kama daktari ameona tatizo, mama akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Kwetu ilikuwa ni kuvuka kwenda kisiwani, kwa shangazi, kwa mke wa kaka, hata kwa rafiki wa chama. Mama mkwe, nakusihi hapa: mkaza mwana wako akiomba kwenda kwa shangazi yake miezi miwili kabla ya kujifungua, usione ni dharau kwa nyumba yako. Mpe leso zake na umpe Fatiha.

Damu, sindano na tarehe ya kuzaa

Kizazi kilichobeba wawili kimetanuka sana, na baada ya kuzaa huwa kizito kujikaza, kwa hiyo mama hutoka damu kuliko wengine. Sasa fikiria benki ya damu wakati wa mlipuko. Kenya hutegemea sana wanafunzi wa sekondari kutoa damu, na Machi 2020 shule zote zilifungwa. Damu ilikuwa haba kwelikweli. Jua kundi lako la damu na kiwango chako mapema, meza madini ya chuma bila kuruka, na tafuta watu wawili wenye afya waliokubali kutoa damu na ambao hawatakuwa safarini mwezi huo.

Dalili za uchungu zikianza kabla ya wiki ya 34, kuna sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Deksamethasoni hupigwa mara nne, kila baada ya saa 12, na faida yake hutegemea kupata muda wa kufanya kazi kabla watoto hawajatoka. Anayengoja nyumbani mpaka kafyu iishe anaweza kuwa ameitupa faida hiyo.

Tarehe ya kuzaa iwe imeandikwa kijitabuni ifikapo wiki ya 30: makondo mawili bila tatizo, wiki ya 37, kondo moja mifuko miwili, wiki ya 36, mfuko mmoja, kati ya wiki ya 32 na 34 kwa upasuaji. Ukifika siku hiyo ukaambiwa vitanda vimejaa wagonjwa, rudi wiki ijayo, usiondoke. Omba kuonana na daktari wa zamu, fungua jalada, na omba rufaa ya maandishi kwenda pengine. Desemba 2020 wauguzi nchini walipoanza mgomo, wenye karatasi iliyokamilika ndio waliopokewa haraka kwingine. Sizungumzii nani alikuwa na haki katika mgomo ule. Nazungumzia mama aliyekuwa benchi la nje na wiki 36.

Ukiugua ugonjwa wenyewe

Piga simu kabla ya kuja, upangiwe kuingia mwisho wa siku au kwa mlango mwingine. Skani ya kondo moja haifutwi kwa sababu umepimwa ukakutwa na virusi. Kwa Covid tulijua kuwa mjamzito huumwa zaidi na huweza kujifungua kabla ya wakati, na kuwa damu yake, ambayo kwa mimba tayari ni rahisi kuganda, huganda zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, sema. Chanjo ikiwepo na daktari akisema inafaa kwa wajawazito, ichukue. Maneno ya mtaani kwamba inaharibu kizazi yaliwazuia wengi, na tuliwaona baadhi yao kwenye mashine za oksijeni.

Watoto wakishatoka

Usikubali kirahisi kutenganishwa na watoto. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa mama mwenye Covid anyonyeshe na awabebe wanawe kifuani, akiwa na barakoa na mikono iliyonawa. Na mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto wa uzito mdogo waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja watulie kwanza, walipungua kufa kwa robo.

Kwa pacha hufanywa hivi. Keti nusu umelala, kifua wazi. Watoto wavae nepi na kofia tu. Mweke mmoja kila upande, vifua vyao juu ya kifua chako, vichwa vimegeukia nje ili pua ziwe huru, miguu imekunjwa kama ya chura. Msaidizi apitishe leso moja iliyokunjwa kwa urefu, ukingo wa juu ufike chini ya masikio yao, aikaze na kufunga fundo pembeni, kisha leso ya pili juu yake kwa joto. Ukiinama kidogo wasiteleze. Ukichoka, mmoja ahamie kwa baba au kwa nyanya, kifua kwa ngozi vilevile. Wodi ikiruhusu msaidizi mmoja tu, mtajeni mapema, awe ni huyo huyo kila siku, na apimwe kabla ya kuingia.

Kama umelazwa kwingine na watoto wako kwenye wodi ya njiti, kamua maziwa kwa mkono kila saa tatu, usiku pia, kuanzia saa za kwanza. Yale matone ya kwanza ya njano yachukuliwe kwa sindano isiyo na ncha na yapelekwe, hata yakiwa kidogo kiasi gani.

Ukiruhusiwa kutoka, usiondoke bila tarehe ya kupimwa macho ya watoto waliozaliwa njiti sana, na tarehe ya kliniki ya makuzi kwa aliyepitia TTTS au kufiwa na mwenzake tumboni. Kuketi, kutambaa na kusema kwao kuhesabiwe kuanzia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa, ndipo usihangaike bure na watoto wa jirani. Chanjo zenyewe huhesabiwa kuanzia siku waliyozaliwa kweli, kwa hiyo mlipuko uwepo usiwepo, wiki ya sita ikifika wapeleke.